Karatusi Zenye Vinundu, Lusina Zilizokauka Ncha: Kunyunyizia, Kubadili Mti au Kuwaachia Nyigu?

Mwenye miti mkoani Dodoma akiona mikaratusi yake michanga imevimba kwenye mishipa ya majani, au lusina yake, mti wa malisho, imekauka ncha wiki chache baada ya mvua kushika, ushauri atakaoupata unategemea amemuuliza nani. Muuza pembejeo atampa chupa ya dawa. Jirani atamwambia ang'oe, apande mwarobaini. Mtaalamu wa misitu atamwambia avute subira, kwa kuwa wapo wadudu wanaomla mdudu huyo. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, lakini si kwa shamba lilelile wala kwa mdudu yuleyule.

Ulinganisho huu ni wa aliyekwama katikati ya ushauri wa namna hiyo, awe na kitalu cha miche pembezoni mwa jiji, ekari mbili za nguzo huko Kongwa, au uwanja wa shule Chamwino. Njia ninazozilinganisha ni nne: kuleta maadui wa mdudu kutoka nchi alikotoka, kuwatunza wadudu marafiki ambao tayari wapo, kupanda mti ambao mdudu haumudu, na kutumia kiuatilifu.

Kwanza ujue nani anakula

Vinundu kwenye mshipa wa kati wa jani, kwenye kikonyo na kwenye vitawi laini vya mkaratusi ni kazi ya nyigu mdogo mweusi aitwaye Leptocybe invasa. Ana urefu wa milimita moja na kidogo, kiasi kwamba wengi huona vinundu kwa miezi bila kumwona mwenyewe. Jike hutaga ndani ya tishu changa, nao mmea hujenga uvimbe kulizunguka buu. Vinundu huanza na rangi ya kijani, vikaiva kuwa vya waridi, kisha hudhurungi, na mwisho huonekana vitundu ambamo nyigu wametokea. Majike huzaa bila kuhitaji dume. Kwao ni Australia, lakini alipewa jina la kisayansi mwaka 2004 tu, tena kwa sababu alikuwa ameanza kuharibu mikaratusi Mashariki ya Kati na nchi za Mediterania. Kenya na Uganda alionekana 2002, Tanzania 2005.

Wa lusina ni mwingine kabisa. Heteropsylla cubana ni kidudu cha kijani-manjano, kisichozidi milimita mbili, kinachofyonza utomvu wa ncha changa. Kilitoka Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, kikafika Hawaii 1984, kikavuka Asia, na mwaka 1992 kilikuwa kimeingia Afrika Mashariki. Ncha hujikunja na kunyauka, majani ya chini hung'aa kwa majimaji matamu, na baadaye hufunikwa na ukungu mweusi kama masizi.

Wapo wengine wawili wa mkaratusi wanaostahili kutajwa. Vifuniko vidogo vyeupe vya umbo la pia juu ya jani ni dalili ya Glycaspis brimblecombei. Majani yanayogeuka rangi ya shaba nyekundu huweza kuwa kazi ya Thaumastocoris peregrinus. Wote wawili asili yao ni Australia.

Hapa Dodoma naongeza tahadhari moja: mti wenye kiu nao hubadilika rangi na kupukutisha majani. Kabla ya kumlaumu mdudu, pasua kinundu kwa ukucha utazame ndani, au geuza ncha ya lusina kwenye karatasi nyeupe uigonge kidogo. Kama hakuna kitu kinachotembea wala buu ndani, tatizo huenda ni maji.

Hesabu inayostahili kufanywa kabla ya kutoa hela

Jike mmoja wa kidudu cha lusina anaweza kutaga mayai yanayofika 400, na tangu yai hadi mdudu kamili ni takriban wiki mbili hadi tatu. Tuchukue mfano wa kufikirika. Katika mayai 400, tuseme asilimia 99 wanakufa kwa jua, upepo, njaa na kuliwa. Wanabaki wanne, wawili wakiwa majike. Kila mama ameacha mabinti wawili, kwa hiyo idadi inakuwa maradufu kila kizazi. Tukihesabu siku 20 kwa kizazi, miezi minne ya mvua inatosha vizazi sita, na mdudu mmoja wa Desemba anakuwa 64 mwezi Aprili.

Sasa tuongeze nyigu au mbawakawa anayewala nusu ya wale wanne. Vifo vimepanda kutoka asilimia 99 hadi 99.5, nusu asilimia tu. Lakini jike sasa anaacha binti mmoja, na idadi haiongezeki kabisa. Hapo ndipo ilipo siri ya udhibiti wa kibaiolojia, na ndiyo sababu mtu anayeangalia kwa macho hawezi kuamini kwamba kidudu kingine kidogo kinatosha.

Tufanye na ya tatu. Chukua shamba lisilo na nyigu hao, unyunyizie dawa inayoua asilimia 90 kwa siku moja. Utafurahi jioni hiyo. Lakini idadi inayojirudufu kila siku 20 inahitaji siku 66 hivi kurudi ilipokuwa. Mvua haijaisha, na wewe unarudi dukani.

Idadi ya mdudu yeyote hushikwa na breki tatu: chakula, hali ya hewa na maadui. Mdudu vamizi ni yule aliyesafiri akaiacha breki ya tatu nyumbani. Katikati ya Tanzania breki ya pili ina nguvu ya pekee, kwa kuwa mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka katika Dodoma mjini. Kiangazi kirefu kikifika, miti haitoi machipukizi mapya, na wadudu wanaotegemea machipukizi hupungua. Maadui wao nao hupungua, tena kwa kuchelewa kidogo, kwa kuwa wao wanakula wadudu. Mvua ikirudi mambo huanza kwa mpangilio uleule: majani kwanza, mdudu pili, adui wake tatu. Pengo hilo kati ya wa pili na wa tatu ndilo linalofanya Januari na Februari kuwa miezi ya kilio.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeiuliza maswali matano: inagusa breki ipi, matokeo yanakuja baada ya muda gani, nani analipa na nani ana mamlaka ya kuifanya, inawadhuru viumbe gani wasiohusika, na inavumiliaje kiangazi chetu. Swali la mamlaka huwa linasahaulika, na kwa maoni yangu ndilo linalopunguza machaguo haraka kuliko yote.

Kuleta maadui kutoka alikotoka mdudu

*Breki.* Njia hii inarudisha breki iliyoachwa nyuma. Watafiti huenda nchi ya asili ya mdudu, hutafuta viumbe wanaomshambulia yeye tu, huwapima katika karantini, yaani vyumba vilivyofungwa ili wasitoroke, kisha huwaachilia. Kwa nyigu wa karatusi walipatikana Australia nyigu wengine wadogo, kama Quadrastichus mendeli na Selitrichodes neseri, ambao mabuu yao hula mabuu ya Leptocybe ndani ya kinundu. S. neseri aliachiliwa Afrika Kusini kuanzia 2012. Kwa lusina, nyigu Tamarixia leucaenae na Psyllaephagus yaseeni waliachiliwa Tanzania katikati ya miaka ya 1990, Morogoro ikiwa mojawapo ya maeneo hayo.

Rekodi ya njia hii katika misitu ni ndefu. Fukusi wa mkaratusi, Gonipterus, alionekana Afrika Kusini 1916. Mwaka 1926 akaletwa nyigu Anaphes nitens anayetaga ndani ya mayai ya fukusi huyo, na katika maeneo mengi tatizo likapungua sana, ingawa sehemu za baridi nyigu alisuasua. Karibu zaidi na sisi ni vidukari wa misaiprasi, Cinara cupressivora, waliorekodiwa Malawi 1986 na kuingia Tanzania 1988. Makadirio yaliyochapishwa yalisema hadi 1990 vidukari hao walikuwa wameua miti ya thamani ya mamilioni ya dola za Marekani katika mashariki na kusini mwa Afrika, achilia mbali hasara ya miti iliyodumaa. Dhidi yao aliletwa nyigu Pauesia juniperorum, akaanza kuachiliwa Malawi 1994.

*Muda.* Miaka. Kutafuta, kupima, kupata vibali, kuachilia, kisha kungoja nyigu wazaliane na kusambaa. Aliyepanda miche elfu moja mwaka huu asiitegemee njia hii kuiokoa.

*Gharama na mamlaka.* Mkulima halipi chochote, na hana ruhusa ya kuifanya. Kuingiza kiumbe hai ni jambo la serikali: Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, inafanya kazi chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, na ipo kanuni ya kimataifa ya hatua za afya ya mimea namba 3, iliyorekebishwa 2005, inayoeleza wajibu wa nchi inayotoa na inayopokea viumbe hao. Utafiti wenyewe ni wa taasisi kama TAFORI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, na Chuo Kikuu cha Sokoine. Mtu anayekuahidi nyigu wa kununua kwenye kopo bila vibali, mkimbie.

*Hatari.* Ipo, na haifai kufichwa. Mwaka 1906 Marekani ilileta inzi Compsilura concinnata dhidi ya nondo mharibifu wa misitu. Hakuwa mchaguzi. Leo anajulikana kushambulia spishi zaidi ya 150, na anahusishwa na kupungua kwa nondo wakubwa wa hariri wa asili ya huko. Tofauti ya inzi yule na nyigu wa leo ni upimaji: kiumbe anayekula kila kitu hapaswi kupita karantini. Tatizo la njia hii ni kwamba haina kurudi nyuma. Ukishamwachilia, ameachiliwa.

*Kiangazi.* Nyigu wa kigeni lazima apate mdudu wa kumla hata Septemba. Mikaratusi iliyo karibu na visima au bustani zinazomwagiliwa hubaki na machipukizi, na huko mdudu na adui wake wanaweza kuvuka msimu pamoja. Shamba kavu la mbali hulazimika kusubiri nyigu wasafiri kulifikia.

*Inamfaa nani.* Wilaya, mkoa, mamlaka za misitu, na vyama vya wapanda miti wenye sauti ya kuomba. Mtu mmoja hufaidika nayo, lakini hawezi kuichagua peke yake.

Wakazi wa kanda ya kati wana mfano wao wenyewe wa kuelewa njia hii, nao ni dumuzi. Mdudu huyu wa mahindi aliingia nchini kupitia Tabora, asili yake ikiwa Meksiko na Amerika ya Kati, na kwa tabia ni mtoboa miti: huzaliana porini kwenye matawi makavu kama anavyozaliana kwenye kihenge. Adui wake, mbawakawa Teretrius nigrescens, aliachiliwa Togo 1991 na Kenya 1992. Anachokifanya vizuri ni kupunguza dumuzi wanaoruka kutoka porini. Gunia lako likishaingiwa, yeye halikuokoi. Miti nayo ni hivyohivyo: maadui wa asili hushusha wastani wa eneo zima, na hawatoi ahadi kwa mche mmoja uliopandwa mbele ya nyumba.

Kuwatunza marafiki waliopo

*Breki.* Ileile ya tatu, ila kwa kuimarisha kilichopo. Mbawakawa wa madoadoa, buibui, ndege wadogo na nyigu wa kienyeji wote hula wadudu hawa kwa kiasi fulani. Katika nchi kadhaa nyigu wa kienyeji wa jenasi Megastigmus wamekutwa wakitoka kwenye vinundu vya Leptocybe. Tena Quadrastichus mendeli ameonekana katika nchi ambazo hakuna aliyemwachilia rasmi. Alisafiri mwenyewe na mdudu wake. Ndiyo maana kabla ya kusema "hapa hakuna adui" inafaa kutazama.

Kutazama ni rahisi. Kata vitawi vyenye vinundu vilivyokomaa lakini bado havina vitundu, viweke kwenye chupa angavu yenye mdomo mpana, funika kwa kitambaa chepesi, weka kivulini mbali na jua kali. Chunguza kila siku kinachotoka. Wakitoka nyigu wa maumbo au rangi tofauti, inawezekana mmoja anamla mwenzake. Wahifadhi kwenye spiriti, andika mahali na tarehe, uwapeleke kwa afisa misitu awafikishe kwa wataalamu. Nimeona shule zikifanya mazoezi ya sayansi yenye faida ndogo kuliko hili.

*Muda.* Msimu mmoja hadi mitatu, na mabadiliko ni ya polepole.

*Gharama na mamlaka.* Hakuna kibali wala dawa. Gharama yake ni kazi na nidhamu: kutochoma majani na nyasi shambani mwishoni mwa kiangazi, kuacha migunga na vichaka vinavyotoa maua pembezoni kwa sababu nyigu wazima wanakunywa nekta, kuchanganya miti, na kuzuia sisimizi. Sisimizi hufuata yale majimaji matamu ya wafyonza utomvu, na kwa kuyalinda hufukuza wanaokuja kuwala.

*Hatari.* Ndogo mno. Hatari ya kweli ni mtu kuitumia njia hii kama jina zuri la kutofanya kitu huku miche inakufa.

*Kiangazi.* Hapa ndipo njia hii ina nguvu kwetu. Uwanja uliofagiwa na kuchomwa moto Oktoba unaanza mvua bila adui hata mmoja, na lile pengo la Januari linakuwa refu zaidi. Uwanja wenye kivuli, majani makavu chini na maua machache ya msimu huanza ukiwa na akiba. Mila ya kuchoma ili "pasafi" inatugharimu zaidi ya tunavyodhani.

*Inamfaa nani.* Mwenye miti mchanganyiko, miti iliyokwisha kuvuka utoto, au mwenye mizinga. Mwenye shamba la karatusi tupu la aina moja atapata kidogo.

Kubadili mti au aina

*Breki.* Chakula. Mdudu mwenye kuchagua hupungua akikosa anachokipenda, na wadudu wetu hawa wanachagua sana. Mkaratusi unaovumilia ukame kuliko mingi na uliopandwa sana maeneo makavu, Eucalyptus camaldulensis, ndio hasa anaoupenda nyigu wa vinundu. Mahuluti (machotara) kati yake na E. grandis hutofautiana: baadhi ya kloni, yaani miche inayotokana na vipandikizi vya mti mmoja, huathirika vibaya, nyingine huvumilia. Mkaratusi wa harufu ya limau, ambao wataalamu siku hizi wanauweka katika jenasi Corymbia, hushambuliwa kwa nadra. Upande wa lusina, spishi kama Leucaena pallida na mahuluti yake huvumilia kidudu kuliko lusina ya kawaida, na Leucaena diversifolia iko katikati.

Au uiache jamii nzima. Kongwa utafiti wa kilimo mseto umeonyesha mti wa gilisidia ukipandwa pamoja na mahindi na mbaazi katika mazingira yaleyale ya ukame, na kidudu cha lusina hakiugusi. Kwa kivuli na upepo, mwarobaini na mjohoro vimejithibitisha kwenye mitaa ya Dodoma kwa miongo mingi.

*Muda.* Ukiwa bado hujapanda, faida ni ya papo hapo. Ukiwa na miti ya miaka mitatu, kubadili ni kutupa miaka mitatu na maji yote uliyoibebea.

*Gharama na mamlaka.* Uamuzi ni wako kabisa. Gharama ni miche mipya na kupata mbegu yenye asili inayojulikana. Muulize muuza miche mbegu ilitoka wapi, na akishindwa kukujibu, tafuta kitalu kingine.

*Hatari.* Mti mpya una wadudu wake ambao hujawazoea. Kloni moja iliyopandwa ekari kumi inakuwa chakula cha aina moja kwa mdudu atakayefuata. Na mti mgeni unaweza kugeuka mvamizi mwenyewe. Lusina imo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Mahali inapojisambaza kama gugu, kile kidudu tunachokilalamikia kinasaidia kuizuia, kwa hiyo jiulize kwanza kama lusina yako ni shamba au ni kichaka kilichokimbia.

*Kiangazi.* Chunga sana hapa. Mti unaomshinda mdudu lakini unashindwa na Septemba ya Bahi si chaguo. Stahimili ya ukame iwe ya kwanza, ya mdudu ya pili.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, anayepanda upya, na taasisi zinazopanda kwa wingi. Kampeni ya Dodoma ya Kijani, iliyozinduliwa 2017, imewafanya watu na taasisi nyingi kupanda kwa mara moja, na hapo ndipo uamuzi wa aina ya mti una uzito kuliko chupa yoyote ya dawa.

Kiuatilifu

*Breki.* Hakigusi hata moja. Kinapunguza vichwa kwa siku kadhaa. Sisemi hivyo kukidharau, kwa sababu kuna wakati kupunguza vichwa ndicho kinachohitajika. Mche wa miezi minne kitaluni hauna muda wa kusubiri nyigu wazaliane.

*Muda.* Siku chache, hakuna kinachoshindana nacho. Lakini dawa ya kugusa haifiki ndani ya kinundu, alipo buu wa Leptocybe. Dawa inayoingia kwenye mfumo wa mmea humfikia. Maji ya mwarobaini ambayo wengi wetu tunajitengenezea husaidia kwa wafyonza utomvu walio wazi kwenye ncha, kama kidudu cha lusina. Kwa vinundu usiyategemee.

*Gharama na mamlaka.* Ni zako, na hurudi kila msimu. Tumia dawa iliyosajiliwa na TPHPA kwa matumizi hayo, fuata kibandiko, vaa kinga, na usiigawe dawa kwenye chupa za maji ya kunywa. Kwa miti mirefu gharama inakuwa kichekesho, kwani bomba la mgongoni halifiki kwenye vilele.

*Hatari.* Kubwa kuliko za njia nyingine tatu, hasa nje ya kitalu. Dawa za wigo mpana huua mbawakawa na nyigu pamoja na mdudu, na tuliona kwenye hesabu nini kinatokea nusu ile ya asilimia ikiondoka. Zile zinazoingia kwenye mfumo wa mmea huweza kufika kwenye nekta na chavua. Asali ya Manyoni na Singida ni kipato cha familia nyingi, na mkaratusi unaochanua hutembelewa sana na nyuki. Miche ya kitaluni haichanui, kwa hiyo hatari hiyo huko ni ndogo.

*Kiangazi.* Kunyunyizia Agosti ni kupoteza hela. Mdudu yuko chini tayari, na unaowaua ni maadui wachache waliobaki.

*Inamfaa nani.* Mwenye kitalu, na mwenye miche michache ya thamani katika mwaka wake wa kwanza.

Kwa hali yako

Una kitalu cha kuuza. Chunguza kila wiki msimu wa mvua, choma miche yenye vinundu vingi, tumia dawa iliyosajiliwa kwa hiyo inayookoleka, na usiuze mche wenye kinundu hata mmoja. Nyigu huyu husafiri kwa lori la miche haraka kuliko kwa mabawa yake, na kijiji ambacho bado hakina mdudu kinakutegemea wewe bila kukufahamu.

Una mikaratusi ya miaka minne au zaidi ya nguzo. Mti mkubwa wenye vinundu mara nyingi huendelea kukua, na madhara makubwa huwa kwenye miche na maotea ya visiki. Usinyunyizie. Acha maadui wafanye kazi, na ukivuna, fikiria kama unataka maotea ya aina ileile au unang'oa visiki vya ile iliyoathirika zaidi na kupanda aina nyingine mahali pake. Mavuno ya awamu yanakupa nafasi ya kubadili bila kupoteza kila kitu.

Una lusina ya malisho ya mbuzi. Kama inachipua tena baada ya shambulio la mvua, kata matawi mara kwa mara na uwalishe mbuzi ncha changa kabla mdudu hajazijaza. Unavuna majani na unapunguza chakula chake. Usiweke dawa kwenye majani yatakayoliwa. Kama inadumaa miaka miwili mfululizo, anza kuingiza gilisidia mstari kwa mstari, ukijua mbuzi huizoea taratibu na huila vizuri zaidi ikiwa imenyaushwa kidogo.

Una uwanja wa shule au ofisi na bado hujapanda. Changanya angalau aina nne zinazovumilia ukame, mikaratusi iwe michache na mbali na chanzo cha maji, na weka sheria ya kutochoma majani. Hapo utakuwa umetumia njia ya pili na ya tatu kwa bei ya moja.

Una mizinga jirani na miti iliyoathirika. Kiuatilifu kiondoe kwenye orodha yako, na mwombe jirani yako naye asinyunyizie wakati wa maua. Mpe chupa ya asali kama ndiyo lugha atakayoielewa.

Wewe ni afisa misitu wa wilaya. Njia ya kwanza ni yako zaidi ya yetu sote. Kusanya vitawi vyenye vinundu kutoka Mpwapwa, Kondoa, Bahi na Manyoni katika mwezi uleule, tazama kinachotoka kwenye chupa, upeleke TAFORI. Wakikuta nyigu adui tayari wapo sehemu moja na hawapo nyingine, ombi la kuwahamisha ndani ya nchi huwa jepesi kuliko la kuwaleta kutoka nje. Wakikuta hawapo kabisa, utakuwa na ushahidi wa kuombea karantini na uachiliaji, na wakulima wako watajua kwa nini uliwaomba wasinyunyizie mashamba yao makubwa msimu huo.